Nilivyopinga kuachishwa jeshi kwa sababu ya pumu

Barua yenyewe ilikua fupi kuliko risiti ya mafuta. Aya tatu tu, na ile ya pili ndo ilinimaliza, kwamba bodi ya madaktari imeniona nina pumu kali isiyodhibitika na kwa hiyo sifai kuendelea na utumishi, nitastaafishwa kwa sababu za kiafya. Nilikua na miaka kumi na moja kazini, koplo, fundi magari, mke na watoto wawili pale Isevya, na mkopo wa bati sijaumaliza. Nikapiga saluti kwa mazoea, nikageuka, nikatoka nje nikaenda kukaa chini ya mwembe. Tabora miembe haikosekani, ukitaka kulia kivuli kipo cha kutosha.

Kikosi sikitaji na afande yeyote simtaji, kwanza sina ugomvi na mtu, pili sababu nyingine utaiona mbele.

Nianze na kosa langu mwenyewe maana bila hilo stori haieleweki. Mi pumu ninayo tangu mtoto. Kwetu ni Urambo, tumbaku, na waliokulia kwenye tumbaku wanajua kazi ya bani, lile banda la kukaushia majani kwa moto. Jani likishaingia ndani moto hauzimwi, karibu wiki nzima usiku na mchana, na usiku mtu lazima alale pale aangalie moto usizidi wala usipungue. Mtu huyo alikua baba, na mimi nikiwa wa kusogeza magogo. Asubuhi naamka kifua kinalia filimbi. Mama alikua ananichemshia majani, bibi ananipa asali, inatulia, maisha yanaendelea, hakuna aliyeniambia hii inaitwa pumu mpaka niko sekondari.

Siku ya kupimwa afya ya kujiunga kifua kilikua kimetulia kabisa, nikaulizwa una ugonjwa wowote wa muda mrefu, nikasema hapana afande. Nilikua na miaka ishirini na moja na kijijini walishanichangia nauli. Sijisifii. Ila toka siku ile nikawa mtumwa wa ile hapana. Inhela yangu ya bluu nilikua naificha kwenye soksi, nanunua mwenyewe duka la dawa mjini, navuta chooni kabla ya mchakamchaka, nikirudi nacheka na wenzangu kama kawaida. Miaka kumi sijawahi kuripoti kifua hata mara moja. Malaria niliripoti, jino niliripoti, mguu niliteguka nikapewa ED, ruhusa ya kupumzika kazi, ya siku tano, kifua hapana.

Sasa angalia hesabu ilivyokuja kunigeuka. Siku ambazo nilikua mzima, na ni maelfu, hazikuandikwa popote maana dawa niliyokua natumia rasmi haipo. Halafu ndani ya miezi minane nikaanguka mara tatu, mara zote nimebebwa na wenzangu mbele ya watu, nikawekewa oksijeni, nikapigwa nebulaiza, ile mashine ya kuvuta mvuke wa dawa, nikapewa vidonge vya prednisoloni. Hizo tatu zimeandikwa zote, kwa wino mzuri kabisa. Kwa hiyo bodi ilipofungua faili ilikuta mtu asiye na historia yoyote ya pumu na ghafla anaanguka anaanguka anaanguka. Hata mimi ningekua daktari ningeandika kali isiyodhibitika. Nikiwa na hasira nilisema wamenionea, nikishatulia nikaona walisoma kilichokuwepo.

Kwenye barua kulikua na mstari mmoja mdogo chini kwamba naweza kuomba shauri langu lipitiwe upya, kwa maandishi, kwa kupitia ngazi, ndani ya muda fulani. Mke wangu ndo aliyeuona. Mimi nilishaishia kwenye neno nitastaafishwa.

Kuna mzee mmoja jirani yetu, staff sajenti mstaafu, alifanya ukarani miaka mingi, sasa ana mizinga ya nyuki huko njia ya Sikonge na mjini anakuja kuuza asali. Nilimpelekea rasimu yangu ya kwanza, kurasa nne, nimeandika usiku kucha. Nimeeleza nilivyolipenda jeshi tangu utoto, watoto watakula nini, baba yangu alivyofariki, na katikati nikamweka Paula Radcliffe, yule mwanamama wa Uingereza mwenye pumu aliyekimbia marathoni ya London mwaka 2003 kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 25 akaweka rekodi ya dunia. Niliona hapo nimewamaliza.

Mzee akavaa miwani, akasoma yote bila kusema neno, akachukua kalamu akamkata Radcliffe.

"Huyu ni wa kikosi gani?"

"Mzee, ni mfano tu."

"Bodi inakupima wewe mwanangu. Huyu mama kashamaliza mbio zake."

Akaendelea kukata. Watoto akawakata, marehemu baba akamkata, neno kuonewa lilikuepo mara sita akalikata mara sita. Mwisho ikabaki kama nusu ukurasa. Akasema barua ya kijeshi inajibu neno lililoandikwa, wao wameandika maneno mawili, kali na isiyodhibitika, wewe jibu hayo mawili. Pumu unayo, usibishane kwamba huna, ukibisha hilo umekwisha. Onyesha ukali unatoka wapi na onyesha inadhibitika. Na kila sentensi iwe na karatasi nyuma yake, sentensi isiyo na karatasi itoe.

Shemeji yangu yeye alikua na wazo lingine, kwamba anamjua mtu anayemjua mheshimiwa fulani, tupige simu. Nilivutiwa, sitasema uongo. Mzee akasema ukiruka ngazi hata ukiwa na haki utakua na kosa, na watashughulika na kosa kwanza. Shemeji alininunia kama mwezi.

Basi nikaanza kutafuta karatasi, na hapa ndo nilijifunza vitu ambavyo mtu mwenye pumu tangu utoto nilipaswa kuvijua zamani.

Nilienda kwa daktari mmoja kijana hapa hapa Tabora. Kabla ya kuandika chochote akasema nionyeshe unavyovuta dawa yako. Nikatikisa, nikafungua mdomo, nikabonyeza, nikavuta. Akacheka kidogo, akaniambia hiyo yote imeishia kwenye ulimi. Miaka kumi! Akachukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, akatoboa matakoni kwa kisu alichopasha moto, tundu la kutosha mdomo wa inhela, akalizungushia plasta pasivuje, akanipa. Unabonyeza dawa ndani ya chupa, unavuta taratibu kwa mdomo wa chupa, unabana pumzi mpaka kumi. Ile siku niliisikia dawa ikishuka mpaka kwenye mbavu, aisee, nikawa nimekaa pale kama mtu aliyefunguliwa dirisha.

Halafu akaniuliza ya kahawia iko wapi. Ipi hiyo? Kumbe ya bluu, salbutamoli, inafungua tu njia kwa saa chache basi, uvimbe ulioko ndani ya njia za hewa haiugusi. Ya kuugusa ni ile ya kila siku, beklometasoni kwa mfano, unavuta asubuhi na jioni hata kama unajisikia mzima, unasukutua mdomo baadae usije ukaota utando mweupe, na matokeo yanachukua siku mpaka wiki kadhaa. Akaniambia miongozo ya kimataifa tangu 2019 imeacha kabisa kushauri mtu mzima atibiwe kwa ya bluu peke yake. Mimi nilikua nazima moto kwa kupepea moshi.

Mwisho akanishauri ninunue kipima pumzi, kile kidude cha plastiki chenye mshale unakipuliza kwa nguvu kinaonyesha lita kwa dakika. Hapa mjini sikukipata, kililetwa na jamaa anayefanya kazi kwenye treni kutoka Dar. Unasimama wima, unapuliza mara tatu, unaandika iliyo kubwa, asubuhi na jioni. Nikanunua daftari la shule la shilingi mia tano, nikachora mistari.

Wiki ya kwanza asubuhi 340, jioni 430. Nilidhani kidude kibovu. Daktari akasema hapana, hiyo tofauti ya asubuhi na jioni ndo pumu yenyewe inavyojionyesha, ikitibiwa tofauti itapungua. Wiki ya sita asubuhi 490, jioni 510. Mke wangu ndo alikua anasaini pembeni kila siku kama shahidi, wazo lake hilo sio langu, na siku moja aligoma kusaini kwa sababu sikupuliza jioni ile nikataka kubuni namba. Alisema utaandika hapakupimwa. Liliandikwa hivyo, na kwenye bodi mtu aliuliza kuhusu tarehe ile ile.

Swali la ukali sasa. Kwanini miaka kumi nikimbie na kubeba na kulala porini halafu ghafla nianguke mara tatu? Mimi kichwani nilikua nasema ni uzee, au vumbi la Agosti, unajua Tabora kiangazi ilivyo. Jibu lilikua karakanani. Mwaka ule tulianza kupaka magari rangi upya, ile rangi ya makopo mawili inayochanganywa na hadina, dawa ya kuifanya ikauke na kuwa ngumu, na kwa kuwa upepo ulikua unaleta vumbi kwenye rangi mbichi tukawa tunafunga milango ya banda tunapulizia ndani. Sisi tunajifunga vitambaa puani. Yule daktari nilipomtajia hadina akaacha kuandika, akaniangalia. Akaniambia hadina nyingi za rangi za magari zina kemikali za jamii ya aisosayaneti, na hizo zinajulikana dunia nzima kwa kuwaletea pumu hata mafundi ambao hawakuwahi kuwa nayo, sembuse wewe, na kitambaa hakizuii chochote.

Nikaomba, kwa maandishi na kwa kupitia ngazi kama mzee alivyofundisha, nakala ya daftari la kazi la karakana. Nilisubiri majibu wiki mbili na kitu nikijua siku zinakatika, usiku silali. Nakala zikaja. Nikaziweka mezani pembeni ya karatasi za hospitali, nikapitisha kidole tarehe kwa tarehe. Kuanguka kwa kwanza, siku hiyo tulipulizia lori. Kwa pili, tulipulizia lori jingine, na nilianguka usiku nikiwa nyumbani, masaa kama sita baada ya kazi, ndo maana hakuna aliyehusisha. Kwa tatu, gari dogo la ofisini, milango imefungwa. Tatu kwa tatu. Nilimwita mke wangu aje aone, akaja na mwiko mkononi, ugali ukaungua.

Nikaambatanisha na matokeo ya mbio za kikosi za kilomita kumi, miaka minne mfululizo jina langu lipo, sio wa kwanza lakini nimemaliza.

Kilichobaki ni kipimo kikubwa cha mapafu, spirometri. Nikapanda treni kwenda Dar, kiti cha kawaida, na chupa yangu iliyotobolewa kwenye begi, jirani yangu njia nzima anadhani ni kifaa cha kuvutia bangi. Hospitali wanakubana pua kwa klipu, unavuta hewa mpaka mwisho, unaipuliza yote kwa mkupuo mmoja na muuguzi anakupigia kelele kama RSM, sajenti meja wa kikosi, puliza puliza puliza usiache usiache bado bado! Nilimaliza naona nyota. Wakanipa salbutamoli, nikasubiri dakika kumi na tano, tukarudia. Kabla ya dawa, ndani ya sekunde ya kwanza nilitoa lita 3.10, baada ya dawa 3.55.

Nilivyoona imepanda vile nikasikitika, nikajua hapo ndo nimejithibitishia ugonjwa. Na kweli, ikipanda kwa asilimia 12 na zaidi ya mililita 200 inaunga mkono kwamba ni pumu, mimi ilipanda asilimia 14 na ushee. Daktari wa pale mtu mzima akaniambia kijana, furahi, mapafu yaliyokufa hayapandi. Njia zako zinafunguka, hiyo ndo maana ya kudhibitika. Nikamuomba aandike hilo neno kwenye ripoti, kudhibitika, hilo hilo. Akaniangalia juu ya miwani, akaliandika.

Wakili sikuweka. Nilimuuliza mmoja, bei aliyonitajia ningeuza bati zenyewe. Kwa mwingine mwenye kesi ngumu kuliko yangu labda ni lazima, mi yangu ilikua ya karatasi.

Bodi ya pili nilikaa nao kama dakika ishirini na tano, na nilikua nimejiandaa kwa watu wakali nikakuta watu wenye maswali. Mmoja aliniuliza swali ambalo mpaka leo naona ni la haki. Akasema koplo, vita havichagui hewa, kuna moshi, kuna vumbi, sasa uko porini na dawa imeisha unafanyaje?

Nilishalifanyia hesabu. Nikamwambia afande, kopo moja la dawa ya kila siku lina mipulizo 200, mimi natumia minne kwa siku, ni siku 50. Nikitoka na makopo mawili nina siku 100, na uzito wake haufiki magazini moja ya risasi. Nikasema pia kwamba moshi wa rangi ile siwezi, sitadanganya, nikirudishwa kwenye rangi nitaanguka tena. Nadhani hilo la pili lilinisaidia kuliko la kwanza, ingawa ni kuhisi kwangu tu.

Swali gumu lilikua la mwisho. Ulipojiunga uliulizwa una ugonjwa, ulijibu nini? Mzee alishanionya litakuja. Nikasema nilijibu hapana afande, na haikua kweli. Palikua kimya, saa ya ukutani ndo inasikika. Mwenyekiti akaandika kitu kirefu sana, sijui aliandika nini mpaka leo, na akasema unaweza kutoka.

Miezi ikapita. Kipindi hicho ndo kigumu kuliko vyote, kwa sababu huna la kufanya, kikosini wenzio wanakuaga nusu nusu, mwingine keshaulizia kitanda chako cha chuma kama utakiuza. Nilikua napuliza kidude asubuhi na jioni, mwanangu wa pili akajifunza kuandika namba kupitia lile daftari, tano yake ameigeuzia mgongo mpaka leo.

Majibu yakaja. Nimebaki kazini kwa masharti. Sitakiwi kwenye upakaji rangi wala kuingia banda la rangi, nimehamishiwa stoo ya vipuri, napimwa upya kila mwaka, na kozi ya kupanda cheo niliyokua nimepangiwa imesogezwa mbele bila tarehe. Hilo la kozi liliniuma na bado linaniuma, wenzangu niliojiunga nao sasa hivi wana mkia wa tatu begani, yaani ni masajenti. Lile jibu langu la uongo nalo lilitajwa, nikapewa onyo la maandishi, liko kwenye faili pamoja na mazuri yote. Rangi siku hizi wanapulizia nje, milango wazi, vumbi likiganda wanapiga msasa.

Jioni ile nilinunua kilo mbili za nyama nikaenda kwa mzee na barua mkononi. Nilimkuta anachuja asali, mikono yote inanata, akaniambia nimshikie barua mbele ya macho asome. Akasoma taratibu mpaka kwenye muhuri. Mi nasubiri anipe mkono.

"Mwaka wa kuzaliwa wamekukosea," akasema. "Hapa umezaliwa baada ya mdogo wako. Kesho asubuhi rudi wakarekebishe, kabla hujamwambia mtu."

Nyama tuliila, na saa moja na nusu asubuhi nilikua mlangoni kwa karani.